Mashine ya Kunasa Nyimbo: Tuchague Namna Gani?

Somo kwa wanakorali, wapiga filimbi na viongozi wa parokia za Masisi na Walikale
Tusome kwanza: Kumbukumbu la Torati 31:19-22; 1 Nyakati 25:1-7; Luka 14:28-30



1. Wimbo ni shahidi

Musa alipokaribia kufa, Mungu hakumwambia ajenge nyumba. Alimwagiza aandike wimbo na kuutia katika vinywa vya wana wa Israeli. Taabu zilikuwa mbele yao, na wimbo ulipaswa kubaki kinywani mwa watoto wao kama shahidi.

Sisi tunalielewa neno hilo. Mapokeo ya kanisa letu yanasimulia kwamba mwaka 1921 waliomfuata Papa Simon Kimbangu walinyimwa vitabu vya nyimbo, naye akaomba, na nyimbo zikashuka. Tangu siku hizo nyimbo zetu hazitungwi, zinapokelewa. Mtu anasikia katika ndoto au katika sala, anashika, kisha wimbo unapelekwa kwa viongozi wenye kazi ya kuuchunguza.

Papa alifungwa miaka 30, akafariki Lubumbashi tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Waamini nao walihamishwa mbali na kwao. Mto wetu Lowa, unaopita Walikale, unaingia Lualaba pale Lowa, mahali serikali ya Wabelgiji ilipoweka kambi ya waliohamishwa. Walifika bila mali, lakini nyimbo walikuwa nazo.

2. Korali iliyotawanyika

Mwezi wa kwanza 2025 vita ilifika Masisi-centre. Tarehe 19 mwezi wa tatu mwaka huo ikafika Walikale-centre. Watu walikimbia, wengine kwa mara ya tatu au ya nne. Sauti ya kwanza ikaenda upande huu, sauti ya tatu upande mwingine, na mwalimu wa korali hakujua wako wapi.

Hapo tunaona hatari. Wimbo wa sauti nne hauko kichwani mwa mtu mmoja. Mama anayeimba sauti ya pili anajua yake tu. Akifariki kambini, au akikaa miaka mbali na wenzake, kipande hicho kinapotea, na wanaobaki wanaimba wimbo wenye tundu.

Walikale ina mfano wake. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, Mnyanga, alimwimbia Daniel Biebuyck na wasaidizi wake habari za Mwindo kwa siku 12. Aliimba, akasimulia, akacheza, nao wakaandika kwa mkono. Kitabu kilitoka mwaka 1969 na kinasomwa katika dunia yote. Tunashukuru sana kwa kazi hiyo. Lakini karatasi inashika maneno. Sauti ya mzee, kayamba lake na mlio wa vijana waliopiga mti pamoja naye, karatasi haiwezi kuvirudisha.

3. "Njia nyingi" maana yake nini?

Telefone inanasa sauti zote zikiwa zimechanganyika, kama sombe na mawese katika sufuria moja: ukishapika, huwezi kuvitenga tena. Mashine ya njia nyingi inaweka kila sauti katika njia yake. Unaweza kusikiliza zote pamoja, au kufunga tatu na kubaki na moja. Aina ya kwanza ya kubebeka iliyotumia kaseti ya kawaida, TASCAM Portastudio 144, ilitoka mwaka 1979 ikiwa na njia nne. Za leo zinatumia kadi ya memori.

Faida yake kwetu ni hii: sauti ya pili peke yake inaweza kutumwa kwa ndugu walioko mbali. Wanajifunza huko waliko, na siku wanapokutana wimbo unasimama mzima.

4. Mambo matano kabla ya kutoa dola

Bwana alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuhesabu.

Kwanza, njia ngapi kwa mara moja? Wauzaji wanataja hesabu kubwa, lakini kuna hesabu mbili. TASCAM DP-008EX ina njia nane, lakini inanasa mbili tu kwa wakati mmoja. Nyingine unaongeza baadaye. Zoom R16 ina njia 16 na inanasa nane pamoja. Zoom H6, iliyotoka mwaka 2013, inanasa sita na inashikika mkononi. Kama waimbaji wanaweza kuingia mmoja mmoja nyumbani, njia mbili kwa mara moja zinatosha. Lakini kumbuka kwamba kuingia mmoja mmoja kunadai kuvaa kaske masikioni ili kuwasikia waliotangulia, na wazee wengi hupotea wakiimba hivyo. Kwa wazee na kwa ngoma, afadhali mashine inayonasa angalau nne pamoja, kila kundi na mikro yake.

Pili, inakula nini? Mashine isiyokubali mawe ya redio tusiinunue. DP-008EX na H6 zinatumia mawe manne madogo, R16 sita. Tununue mawe ya kuchajiwa, seti mbili, na chaja ya kutumia plake ya jua. Mikro zingine zinadai volti 48 kutoka kwa mashine, nazo zinamaliza mawe upesi. Mikro ya kawaida ya mhubiri haidai hivyo.

Tatu, kadi. Njia nne kwa ubora wa biti 24 zinakula karibu gigabaiti mbili kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa 16. Soma katika maandishi ya mashine inakubali kadi ya ukubwa gani.

Nne, mvua. Mashine ilale katika boksi linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Tena mvua juu ya mabati inashinda korali yoyote. Tunase asubuhi, kabla ya mawingu.

Tano, njia za safari. Kwenye bariere mashine yenye mikro inaweza kuleta maswali. Ibebwe imezimwa, pamoja na barua ya parokia yenye muhuri. Asinase mtu chochote njiani. Na kama safari ina hatari, mashine ibaki: hakuna wimbo unaodai tuuze uhai wa mwimbaji.

5. Ambaye hana dola afanye nini?

Asingoje. Wimbo ukishuka saa tisa ya usiku, telefone iliyo karibu na kitanda inashinda mashine nzuri iliyo katika kabati la parokia. Nasa sauti moja, taja jina la wimbo, tarehe na mahali. Korali isiyo na mashine inaweza pia kumwimbisha kila mmoja peke yake mbele ya telefone, moja baada ya moja. Si kazi nzuri kama ile ya njia nyingi, lakini sauti ya pili itakuwa imehifadhiwa.

Kisha nakala. Kila wimbo ukae mahali patatu mbali mbali: kwenye kadi, kwenye ordinateri ya ndugu mmoja, na kwenye kadi nyingine katika mji mwingine. Nyumba moja ikichomwa, wimbo unabaki.

Daudi aliweka waimbaji 288 waliofundishwa, mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi. Hakuna aliyesahauliwa katika hesabu. Nasi tuwahesabu wetu, walioko na waliotawanyika.

Maswali ya kujibu pamoja

a) Katika parokia yetu, ni nyimbo gani zinazojulikana na mtu mmoja au wawili tu?
b) Ni nani kati yao mzee kuliko wote, naye yuko wapi leo?
c) Nani atamwendea kabla ya mwezi huu kuisha, na kwa chombo gani?

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awalinde waimbaji wake popote walipo, na awarudishe pamoja. Amina.