Kukataza kwa Jina na Kukataza kwa Kiyasi

Tumeulizwa na mmoja katika wanafunzi wetu: Je, yafaa mtu kufungwa kwa kuuza kitu ambacho hakuna sheria iliyokitaja? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na mfano wake ulio wazi umo katika sheria za Marekani juu ya dawa za kulevya.

Mtu wa huko yu chini ya sheria mbili, ya serikali kuu na ya jimbo lake. Tangu 1970 sheria hizo huandika majedwali, na kila dawa iliyokatazwa hutajwa humo kwa jina lake la kemia. Mlango wa hila ukapatikana hapo. Mjuzi wa kemia huichukua dawa iliyokatazwa, akaibadili sehemu ndogo ya umbo lake, kikazuka kitu kipya kisichomo katika jedwali, na ulevi ni ule ule, au mkali zaidi.

Tutazame ile iitwayo JWH-018. Herufi hizo ni za Profesa John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, ambaye alikuwa akifanya utafiti tu, wala hakukusudia kulevya mtu. Mwisho wa 2008 wataalamu wa Ujerumani waliikuta imetiwa katika majani makavu yaliyouzwa kwa jina la Spice, eti ni ubani wa kufukiza! Jimbo la Kansas likaikataza Machi 2010, na serikali kuu Machi 2011. Mwaka 2012 Bunge la Marekani halikutosheka na majina. Likakataza jamaa tano nzima za dawa za namna hii kwa kueleza maumbo yake. Wauzaji nao walikwisha kuhamia XLR-11, isiyokuwamo katika jamaa hizo. Mwaka huo huo watu 16 katika majimbo 6 walipatwa na maradhi ya ghafla ya figo baada ya kuvuta vitu hivi, na kwa baadhi yao ikapatikana hiyo XLR-11. Serikali kuu haikuikataza ila Mei 2013.

Basi kwa nini wasikataze kila kinachofanana na kilichokatazwa? Walijaribu tangu 1986. Sheria ya mwaka ule yasema: kitu kilichofanana sana kwa umbo na dawa iliyokatazwa, na kikafanana nayo kwa ulevi au kikasifiwa hivyo, na kikakusudiwa kutumiwa na binadamu, hukumu yake ni moja nayo. (Ndiyo sababu ya vile vipakiti kuandikwa kwamba si vya kutumiwa na binadamu.) Mwanafunzi wa fiqhi ataitambua njia hii mara moja: ni kiyasi.

Lakini kufanana sana ni kufanana kwa kadiri gani? Mwaka 1992, huko Colorado, walishtakiwa watu kwa dawa iitwayo AET. Wajuzi wa kemia wakahitilafiana mbele ya hakimu kama umbo lake lafanana na lile lililokatazwa au halifanani. Hakimu akaona kwamba lisilojulikana na wataalamu haliwezi kumfunga mtu wa kawaida, akaikataa sheria ile katika shauri hilo. Na mwaka 2015 Mahkama ya Juu, katika shauri la McFadden, ilihukumu kwamba lazima ithibitishwe kuwa muuzaji alijua kuwa kitu chake kimekatazwa, au alijua zile sifa zinazokifanya kifanane na kilichokatazwa.

Maulamaa wetu wanayajua mashaka haya. Kwamba kila kileo ni haramu, hilo halina shaka, hata kibadilishwe jina mara mia. Ama adhabu ni mlango mwingine: Mahanafi hawathibitishi hudud kwa kiyasi, hali Mashafii wanakubali. Sisi, ingawa ni Mashafii, twaona hoja ya wenzetu ina uzito mkubwa pale mwenye kupima mfanano ni mwendesha mashtaka.

Majimbo mengine yalitaka kufuata tu kila litakaloongezwa na serikali kuu. Mahkama ya Juu ya jimbo la Washington ilikataa jambo hilo mwaka 1977: wabunge wa jimbo hawawezi kukabidhi kalamu yao kwa watu wa nje, kosa likazaliwa kwa bodi ya jimbo kunyamaza tu. Florida imepita njia ambayo twaipendelea. Mwanasheria Mkuu wa jimbo aweza kuitia dawa mpya katika jedwali kwa dharura, kwa jina lake, ili kila mtu aisome. Kisha kila mwaka, kabla ya Machi kuanza, hupeleka taarifa kwa Baraza la kutunga sheria, na kila amri aliyoitoa hufa tarehe 30 Juni isipokuwa Baraza limeiandika katika sheria.