Utando wa Kijani Ziwani

Mama anayechota maji ufukoni Musoma, au kule Guta wilayani Bunda, siku nyingine za utulivu hukuta utando wa kijani juu ya maji, kana kwamba mtu amemwaga rangi. Huusukuma kando kwa ndoo, huchota, huchemsha, na huamini amewakinga watoto. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Utando huo si magugu maji. Ni bakteria wadogo mno wanaotumia mwanga wa jua kama mimea. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi hulikoroga Ziwa Victoria, na virutubisho vilivyolala chini hupanda juu. Hapo hustawi vimea viitwavyo diatomu, vyenye ganda la silika. Upepo ukitulia, maji ya juu hupata moto na kujitenga na ya chini. Chakula hakipandi tena, na mara nyingi naitrojeni ndiyo huwahi kwisha. Mkulima wa Butiama anayajua haya: shamba likichoka, mahindi hudumaa lakini kunde husitawi, kwa kuwa hupata naitrojeni ya hewani. Baadhi ya bakteria hawa hufanya vivyo hivyo. Wanachohitaji ni fosforasi, nayo tunawapelekea wenyewe: udongo wa mashamba, samadi, maji ya vyooni. Silika nayo ilishuka hadi karibu sehemu moja ya kumi kati ya miaka ya 1960 na miaka ya 1980.

Wapo kati yao wenye sumu inayodhuru ini, na kwa macho huwezi kuwatambua. Sumu hiyo imepatikana katika Ghuba ya Mwanza. Huko Caruaru, Brazil, mwaka 1996, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, lakini sumu hii hubaki. Tena bakteria wakipasuka kwa moto huimwaga yote majini.

Basi tusichote penye utando, hata kama ni karibu na nyumbani. Maji ya mvua, bomba au kisima kirefu ni bora. Asiye na njia nyingine achote mbali na utando, achuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa kabla ya kuchemsha, ingawa sumu iliyokwisha kuyeyuka haichujwi. Watoto wasiogelee hapo, ng'ombe wasinyweshwe hapo, na samaki aliyevuliwa hapo atolewe matumbo na ini kabla ya kupikwa.