Jicho Likitokeza, Picha Ipi Ipigwe?

Mtoto wa miaka mitano ameanza makengeza ghafla, na jicho moja limetokeza kidogo kuliko jingine. Wazazi wengi hukimbilia miwani. Lakini chanzo kinaweza kuwa uvimbe wa neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za kuona kwenye ubongo, na miwani haiutibu. Ukiona dalili hizo, au kama uoni wa jicho moja unafifia na rangi nyekundu inaonekana imepauka kwa jicho hilo, nenda kwa daktari wa macho mapema.

Kipimo gani?

Kipimo kikuu ni MRI, nacho hakitumii mionzi ya eksirei. Muulize daktari kama fomu ya kuombea picha inataja matundu ya macho, si ubongo pekee, kwa sababu picha za kawaida za ubongo hupigwa kwa vipande vinene na uvimbe mdogo unaweza usionekane. Nyuma ya jicho kuna mafuta yanayong'aa pichani, na uvimbe nao unaweza kung'aa ukipata dawa inayochomwa mshipani. Kwa hiyo mtaalamu huufifisha mng'ao wa mafuta ili uvimbe uonekane. CT skani hutumia mionzi, lakini huonyesha vizuri mifupa na chembe za chokaa.

Picha inasema nini?

Glioma, aina moja ya uvimbe huo, huwapata zaidi watoto. Neva yenyewe huvimba, mara nyingi katikati, kama kiazi kitamu. Mtoto mwenye glioma akiwa na madoa mengi ya kahawia mwilini, achunguzwe pia neurofibromatosi aina ya 1, ugonjwa wa vinasaba.

Meningioma, aina nyingine, huwapata zaidi wanawake wa makamo, nayo huota kwenye ala, utando unaoizunguka neva. Pichani huonekana mistari miwili inayong'aa kama reli, neva ikipita katikati ikiwa nyeusi. CT ikionyesha chokaa kwenye ala, ushahidi unaongezeka.

Mara nyingi picha nzuri hutosha kumwongoza daktari bila kukata kipande cha neva, kitendo kinachoweza kuondoa uoni uliobaki.

Kabla na baada

Taja chuma chochote kilichomo mwilini, ujauzito na ugonjwa wa figo. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi. Uliza aache kula saa ngapi. Ukimaliza, omba nakala ya picha zenyewe pamoja na ripoti. Baadhi ya uvimbe hukua polepole, na daktari ataamua atibu au asubiri kwa kulinganisha picha ya leo na ya mwaka jana.