Swali Lililojibiwa na Kinyesi cha Sokwe

Mdogo wangu mmoja anasomea afya ya jamii hapa Kisangani. Juzi jioni alifika kwangu kwa toleka, ile baiskeli ya abiria ya mji wetu, mkononi ana karatasi moja tu iliyokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha kazi yake ya kumaliza masomo: "Problématique ya malaria katika komini ya Lubunga". Nikamwuliza, "Ukishamaliza, utajuaje kama umekosea?" Akacheka. "Yaya, nitakosea vipi? Malaria si ipo?"

Ipo kweli, na ndiyo maana kichwa hicho hakina swali ndani yake. Nimesoma kazi nyingi zinazoanza na hilo neno la Kifaransa problématique, yaani tatizo linalochunguzwa, na karibu zote hufunga kwa maneno yaleyale: dhana zetu zimethibitika. Zitaachaje kuthibitika, wakati hakuna kitu ambacho kingeweza kuzikanusha? Sikumkemea. Nilimsimulia habari ya mji wetu wenyewe, maana Kisangani iliwahi kushtakiwa mbele ya dunia nzima, na katika mashahidi walioamua kesi hiyo kulikuwa na kinyesi cha sokwe.

Zamani, mji ulipoitwa Stanleyville, kulikuwa na maabara ya tiba iliyoongozwa na daktari Mbelgiji, Ghislain Courtois. Kuanzia 1956 maabara hiyo iliendesha kambi ya wanyama kando ya mto Lindi, nje kidogo ya mji. Sokwe zaidi ya 400, pamoja na bonobo, walipitia humo. Walitumika katika majaribio ya CHAT, chanjo ya polio ya kumeza iliyotengenezwa na Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia. Kati ya 1957 na 1960 watu wapatao milioni moja wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi walipewa chanjo hiyo. Katika bonde la Ruzizi peke yake, mwaka 1958, walioimeza walipita 200,000 kwa muda wa wiki chache.

Mwaka 1999 mwandishi Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu kinene, The River. Dai lake lilikuwa hili: chanjo ilioteshwa katika seli za figo za sokwe wa Lindi, sokwe hao walikuwa na kirusi, na kirusi hicho kilipoingia midomoni mwa watu kikawa VVU, chanzo cha UKIMWI, au SIDA kama tunavyosema huku. Waliotengeneza chanjo walikana kabisa. Walisema figo walizotumia ni za tumbili.

Sasa ungeanza kuuliza wapi? Je, kambi ya sokwe ilikuwepo? Ilikuwepo. Je, chanjo ilitolewa huku? Ilitolewa. Unaweza kujaza madaftari kumi kwa maswali ya namna hiyo usisogee hata hatua, kwa kuwa mshtaki na mshtakiwa wanayajibu sawasawa. Hooper alikuwa pia na hoja ya ramani: mahali chanjo ilipotolewa na mahali VVU ilipoonekana mapema palikaribiana. Hoja hiyo inavuta macho, lakini ifikirie vizuri. Chanjo hupelekwa penye watu, barabara na zahanati. Ugonjwa nao huenea penye watu na barabara, na hugunduliwa penye zahanati. Vitu viwili vinaweza kuandamana siku zote kwa sababu vyote vinafuata cha tatu, hata kama havijawahi kugusana.

Swali lenye kazi lilihitaji kuanza na "kama". Kama VVU ilitoka kwa sokwe wa Lindi, basi kirusi walicho nacho sokwe wa misitu inayozunguka Kisangani, walikokamatwa wale wa kambini, lazima kiwe ndugu wa karibu wa VVU. Kama haikutoka huko, hakuna sababu ya undugu huo kuwapo. Hapa majibu mawili yameachana, na kila moja linampendeza mtu mmoja na kumwumiza mwingine. Tena majibu yote mawili yanajulikana kabla mtu hajavaa buti za kuingia msituni.

Aliyezivaa alikuwa William Hamilton wa Oxford, mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne iliyopita. Kinachonigusa kwake ni kwamba aliegemea upande wa Hooper. Aliona dai lile linastahili kupimwa, sio kuzomewa, na akaja mwenyewe kutafuta kitu ambacho kingeweza kuliua. Alikuja Januari 2000, mji ukiwa chini ya waasi na majeshi ya nchi jirani, akiwa na mtafiti kijana aitwaye Michael Worobey. Hawakuhitaji kumpiga sokwe risasi wala kumchoma sindano. Sokwe aliyeambukizwa huacha alama za kirusi katika kinyesi na mkojo wake, na vitu hivyo huokotwa chini bila kumsumbua mwenyewe. Hamilton aliugua malaria huku, akarudishwa Uingereza, akafariki tarehe 7 Machi 2000. Miezi mitatu baadaye majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa mjini kwa siku sita. Wenyeji hawahitaji kusimuliwa.

Matokeo yalitoka mwaka 2004, Worobey na wenzake wakiyaandika katika jarida la Nature. Kirusi kilipatikana kwa sokwe wa karibu na Kisangani, kwa hiyo Hooper hakukosea kuwa sokwe wa huku wanaweza kuwa nacho. Lakini kilikaa kwenye tawi jingine la ukoo, mbali na VVU iliyoenea duniani. Ndugu wa karibu walipatikana mwaka 2006, kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun.

Mdogo wangu akanikatiza hapo. "Lakini yaya, labda sokwe wa kambini walitoka msitu mwingine. Labda ukoo wenye kirusi kile ulikwisha." Nilifurahi sana kuisikia hoja hiyo. Kinyesi cha leo hakiwezi kuapa juu ya kila sokwe wa 1957. Dawa ya udhaifu huo ni kutafuta njia nyingine isiyopita kwa sokwe kabisa, kwa sababu kuokota kinyesi zaidi kwa njia ileile ni kurudia udhaifu uleule mara nyingi zaidi.

Njia ya pili ilikuwa saa. Fikiria darasa lisilo na vitabu, ambamo kila mwanafunzi ananakili daftari la mwenzake. Kila nakala inaongeza makosa machache. Ukiokota madaftari mawili na kuhesabu yanavyotofautiana, na unajua makosa huingia kwa kasi gani, unaweza kukadiria lini yalitoka kwenye daftari moja. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi vivyo hivyo. Kuna sampuli mbili za zamani zilizochukuliwa Kinshasa, moja ya 1959 na nyingine ya 1960, na tayari zilikuwa zimetofautiana mno. Hesabu ya Worobey na wenzake ya mwaka 2008 iliweka babu wa pamoja wa VVU iliyoenea duniani karibu na 1908, kati ya 1884 na 1924. Chanjo ya 1957 ingemzaaje? Njia ya tatu ilikuwa kupima akiba ya zamani ya chanjo yenyewe, nayo ilionyesha chembe za urithi za tumbili wa Asia, si za sokwe. Njia tatu, na kila moja ingeweza kwenda kombo kivyake bila kuziangusha nyingine.

Tukarudi Lubunga. Nikamwuliza ni nini hasa kinachomsumbua, si chuoni, bali moyoni. Akafikiri. Akasema shangazi yake wa Lubunga, ng'ambo ya mto, ana chandarua na watoto bado wanaugua.

Hilo ndilo! Kwa nini mtoto anayelala chini ya chandarua anaugua? Labda kimetoboka: basi wenye vyandarua vizima wataugua kidogo kuliko wenye vilivyochanika. Labda mbu huuma mapema, watoto wakiwa bado uani: basi uzima wa chandarua hautabadilisha mengi, ila saa ya kwenda kulala itabadilisha. Labda mbu wameizoea dawa iliyotiwa kwenye wavu. Dhana tatu, na kila moja inatabiri kitu chake. Nikamwonya jambo moja tu: ukilinganisha watoto wenye chandarua wa Makiso na wasio nacho wa Lubunga, utakuwa umelinganisha komini mbili, wala si vyandarua. Tafuta nyumba zinazochota maji pamoja, umbali uleule na bwawa, watoto wa umri mmoja.

Alikunjua karatasi, akafuta kichwa chote, akachora safu tatu. Mbili alizijaza palepale. Kwenye ya tatu kalamu ikasimama. "Nitamjuaje mbu aliyezoea dawa?"

"Unawafungia kwenye chupa iliyopakwa dawa kwa kipimo kinachojulikana, halafu unahesabu wanaokufa."

Nje mwendesha toleka alikuwa amechoka kungoja, akipiga kengele. Akasimama, karatasi mkononi. "Mbu wangapi?" akauliza, na kabla sijajibu: "Na wengine niwaweke kwenye chupa isiyo na dawa, siyo?"