Nguvu ya Mawimbi ya Bluetooth Katika Simu za Mkononi: Upimaji Wake na Lugha ya Kuueleza

Mwanafunzi wa Kiswahili anapojaribu kueleza kipimo cha nguvu ya mawimbi ya Bluetooth hukumbana na mambo mawili kwa mpigo: namba yenye alama ya hasi, na maneno yanayoteleza. Makala haya yanayajadili mambo hayo kwa pamoja, kwa kuwa kosa la msamiati hapa huzaa kosa la sayansi. Dai linalotetewa ni kwamba namba hiyo hupima kilichoifikia simu, wala haipimi umbali kilikotoka.

Chukua neno masafa. Watangazaji wa redio hulitumia kwa maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Wasemaji wengine, na hata watangazaji hao hao wakiripoti riadha, hulitumia kwa maana ya umbali, kama katika mbio za masafa marefu. Katika mada nyingine msomaji hujua maana ipi imekusudiwa. Katika mada hii hawezi, kwani Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na papo hapo inasifika kwa kufanya kazi katika masafa mafupi! Kwa hiyo makala haya yanatumia masafa kwa maana ya mitetemo pekee, na umbali kwa maana ya umbali. Netiweki nalo ni neno la kuwekwa kando, kwani mitaani hubeba kila kitu: nguvu, kasi, hata salio lililokwisha. Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu huonyesha mawimbi ya mnara wa kampuni ya simu, si ya Bluetooth.

Nguvu ya Bluetooth yenyewe haionyeshwi kwa kawaida na simu. Anayetaka kuiona huweka programu ya kuchunguza vifaa vya Bluetooth, zipatikanazo kwa wingi kwa simu za Android, na hapo huona namba kama -58 au -83. Hizo ni desibeli zinazolinganishwa na miliwati 1. Sifuri ni miliwati 1 kamili. -10 ni sehemu moja ya kumi ya miliwati. -20 ni sehemu moja ya mia. -60 ni sehemu moja ya milioni. Kila hatua ya kumi hugawanya kwa kumi. Hivyo basi -60 ina nguvu mara 100 kuliko -80, na mwandishi anayesema kuwa mawimbi "yamepanda kutoka 60 hadi 80" amesema kinyume cha ukweli. Alama ya hasi haiachwi, na vitenzi kupanda na kushuka vifuate nguvu, visifuate ukubwa wa tarakimu.

Je, umbali unaingiaje? Mahali pa wazi pasipo kizuizi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hushuka kwa desibeli 6 hivi. Simu iliyosoma -60 kwa mita 1 ingetarajiwa kusoma -66 kwa mita 2 na -72 kwa mita 4. Kanuni hii ndiyo iliyowavutia wengi wageuze namba ya nguvu kuwa futi ya kupimia. Lakini mahali pa wazi hivyo ni nadra. Mwili wa binadamu, kwa maji yaliyomo, hufyonza mawimbi haya na huweza kupunguza desibeli 10 au zaidi, kwa hiyo simu iliyo mita 2 nyuma ya mtu huonekana kana kwamba iko mita 6 au zaidi. Kuta na vyuma huyaakisi, na mwangwi huo huweza kuyaongeza au kuyafuta. Aidha, viwango vya Bluetooth vya nishati ndogo vinaruhusu usomaji wenyewe ukosee kwa desibeli 6 juu au chini. Kosa hilo pekee hugeuza mita 2 kuwa 1 au 4. Asikiaye ngoma gizani hawezi kujua kama ni ngoma ndogo ya jirani au kubwa ya ng'ambo ya mto.

Anayetaka kupima kwa uaminifu basi asisome namba moja. Aziweke simu mbili mahali pamoja, achukue masomo mengi kwa dakika kadhaa, ayapange kwa ukubwa na kuchagua la katikati; kisha aigeuze simu moja na kurudia, kwa kuwa antena haipokei sawasawa kutoka kila upande. Akiona 127, asishangilie: katika viwango hivyo namba hiyo humaanisha kwamba hakuna kipimo kilichopatikana.

Mwaka 2020 suala hili lilihusu afya za watu. Wakati wa janga la Korona, Apple na Google zilitoa mfumo uliotumia nguvu ya Bluetooth kukadiria ni nani alikaa karibu na mgonjwa, na nchi kadhaa zikaunda programu juu yake. Douglas Leith na Stephen Farrell wa Chuo cha Trinity, Dublin, waliujaribu mfumo huo ndani ya tramu, chombo chenye vyuma vingi. Kwa kanuni za Uswisi na Ujerumani hakuna tahadhari hata moja iliyotolewa, ingawa baadhi ya jozi za simu zilikuwa chini ya mita 2. Kwa kanuni ya Italia, nusu ya waliokuwa karibu walitambuliwa, na nusu ya waliokuwa mbali wakatajwa pia kimakosa. Kura ya kubahatisha ingetoa matokeo ya namna hiyo. Abiria asiyepata tahadhari angedhani yu salama, kumbe simu yake ilikuwa imepima vyuma na miili ya watu.

Toleo la 6.0 la Bluetooth, lililotangazwa mwaka 2024, lina njia nyingine ya kupima umbali: huchunguza awamu za mawimbi na muda wa safari yao ya kwenda na kurudi. Nguvu haihusiki katika hesabu hiyo.