Gegedu Limefikaje Kwenye Tezi ya Mate?

SWALI: Daktari, nina miaka 41. Mwaka wa nne sasa nina kinundu chini ya sikio la kushoto. Hakiumi, ila kinakua polepole. Majirani walisema ni matubwitubwi, mama mkwe akawa ananikanda kwa maji ya moto. Juzi nilipimwa kwa sindano, majibu yakasema "adenoma pleomofiki ya parotidi, yenye tishu inayofanana na gegedu." Gegedu si lile la puani na magotini? Je, ni saratani ya mfupa imesambaa? Silali.
Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU: Dada yangu, hiyo si saratani ya mfupa, na hakuna kilichosafiri kutoka gotini. Adenoma pleomofiki ndiyo uvimbe unaotokea zaidi kwenye tezi za mate, hasa parotidi, iliyo mbele na chini ya sikio. Matubwitubwi hushika tezi hiyo hiyo, lakini huvimba ghafla, huuma, kisha huisha. Hayakai miaka minne.

Gegedu hilo limetengenezwa hapo hapo kwenye tezi. Tezi ya mate ina seli zinazokumbatia vifuko vya mate na kuvibana ili mate yatoke. Ndani ya uvimbe, seli hizo huacha kazi yao na kutoa ute mwingi pamoja na protini za ukuaji. Protini hizo ni ujumbe: seli moja huutuma, nyingine huupokea na kubadilika. Ujumbe wa aina hiyo una nguvu: mwaka 1965 mtafiti Marshall Urist wa Marekani alionyesha kuwa mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya humo humo. Kinachofanya hivyo ni protini za kujenga mfupa, na watafiti wamezikuta pia katika uvimbe kama wako. Seli zikipata ujumbe huo hujenga kitu kama gegedu, ingawa ziko shavuni.

Kwa hiyo gegedu lisikutishe. Humsaidia hata mpimaji kuutambua uvimbe. Cha kuogopa ni kuchelewa. Uvimbe huu ukiachwa miaka mingi, unaweza kugeuka saratani. Ukianza kukua kwa kasi, kuuma, au uso ukipinda, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Acha kukandwa. Uvimbe huu hauna dawa ya kumeza. Tiba ni upasuaji. Muone daktari bingwa wa masikio, pua na koo, umuulize mambo mawili. Je, atautoa pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka? Ukikwanguliwa wenyewe tu, masalia huweza kurudi yakiwa vinundu vingi. Na je, ataulindaje mshipa wa fahamu wa uso unaopita ndani ya tezi hiyo? Baada ya upasuaji, uvimbe wote upelekwe maabara, nawe uhudhurie kliniki kwa miaka, maana unaweza kurudi baada ya muda mrefu.

Nenda wiki hii na majibu yako mkononi. Mama mkwe naye aje, asikie mwenyewe.