KWA NINI DUKA LENYE WATEJA HUFUNGWA
Somo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 kampuni ya Rite Aid ilifunga maduka yake ya mwisho ya dawa nchini Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa imedumu miaka 63, na miaka miwili tu kabla ya mwisho wake ilikuwa na maduka zaidi ya 2,000 katika majimbo 17. Wakazi wa mitaa hiyo hawakuacha kuugua, wala madaktari hawakuacha kuandika dawa. Mahitaji yalikuwepo na wateja walikuwepo, lakini milango ilifungwa.

Jambo hili lastahili kuchunguzwa na kila chama chenye duka la pembejeo, ghala, mashine ya kukoboa au tawi lolote la biashara. Aghalabu duka linapofungwa husemwa kwamba wateja wamepungua au karani ameiba. Yako maduka yaliyofungwa kwa sababu hizo. Lakini maduka haya ya dawa yanaonyesha sababu nyingine, zinazokaa mbali na meza ya duka na ambazo mteja hazioni mpaka siku anapokuta kufuli mlangoni.

1. Duka la mtaani, mwenyewe yu mbali

Katika biashara ya matawi, mamia au maelfu ya maduka huwa na jina moja, bohari moja na hazina moja. Faida yake yajulikana: anayenunua kwa wingi hupata bei nafuu ya jumla. Walgreens ilianza kwa duka moja mjini Chicago mwaka 1901. Rite Aid ilianza Scranton, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1962, na CVS ilianza Lowell, jimbo la Massachusetts, mwaka 1963. Kila moja ilianza ikiwa jirani ya wateja wake.

Kadiri kampuni hizi zilivyokua, uamuzi wa kufungua na kufunga duka ulihamia makao makuu, kisha kwa wenye hisa ambao wengi wao hawajapata kuingia katika duka husika. Novemba 2021 CVS ilitangaza kufunga maduka 900 katika muda wa miaka mitatu. Oktoba 2024 Walgreens nayo ilitangaza kufunga maduka 1,200 kwa muda kama huo. Wakazi walipewa taarifa, hawakuulizwa shauri. Katika biashara ya namna hiyo mteja hana kura.

2. Deni la makao makuu hulipwa na matawi

Rite Aid ilikua zaidi kwa kununua kampuni nyingine. Mwaka 2007 ilichukua maduka zaidi ya 1,800 ya Brooks na Eckerd, na ununuzi huo uliiongezea mzigo mkubwa wa madeni. Machi 2023 serikali ya Marekani iliishtaki kwamba ilitoa dawa kali za kutuliza maumivu bila uangalifu. Oktoba 2023, ikiwa na deni la dola zaidi ya bilioni 3, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Ikafunga mamia ya maduka, ikatoka mahakamani Septemba 2024, kisha ikarudi huko Mei 2025 na kufikia mwisho wake.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme tawi limepata ziada ya shilingi 100 baada ya kulipa mishahara, kodi ya pango na bei ya bidhaa. Kwa hesabu za tawi, kazi imefanyika vizuri. Lakini makao makuu yanadaiwa riba, na fungu la tawi hilo katika riba ni shilingi 120. Tawi lililopata ziada sasa laonekana lina upungufu wa shilingi 20. Karani hakukosea na mteja hakukimbia. Upungufu uliingia pale deni lilipotiwa saini.

Kwa hiyo katibu anaposoma hesabu za tawi, yampasa atenganishe mambo mawili: kile ambacho tawi limezalisha lenyewe, na kile ambacho limetwishwa kutoka juu. Asiyetenganisha hayo aweza kulifunga tawi zima na kuuacha ugonjwa mahali pake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini yafaa pia kuuliza ni nani aliyekopa, kwa kazi gani, na kwa idhini ya nani.

3. Bei inapopangwa na mtu wa kati

Sababu ya pili ni bei. Nchini Marekani wagonjwa wengi hulipiwa dawa na bima. Baina ya kampuni ya bima na duka la dawa kuna wakala, ambaye hupanga dawa zipi zilipiwe na duka lirudishiwe kiasi gani. Kwa mujibu wa taarifa ya tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara, iliyotolewa Julai 2024, mawakala watatu wakubwa walishughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zilizotolewa kwa cheti cha daktari mwaka 2023.

Duka hununua dawa kwa bei ya bohari, lakini hurudishiwa fedha kwa kiwango cha wakala. Maduka mengi yamelalamika kwamba mara nyingine kiwango hicho huwa chini ya bei ya kununulia. Hapo kila mgonjwa anayehudumiwa huongeza hasara, na wingi wa wateja hauliokoi duka. Tena mmoja wa mawakala hao watatu, Caremark, ni mali ya CVS tangu mwaka 2007. Duka dogo linalotafuta riziki jirani na CVS hujikuta likilipwa kwa kiwango kinachopangwa na nyumba ya mshindani wake.

Mkulima hatahitaji maelezo marefu hapa. Huuza kwa bei asiyoipanga, na hununua mbolea kwa bei asiyoipanga. Ushirika ulianzishwa ili wengi wasimame pamoja mbele ya mtu wa kati. Chama kinachouza kwa mnunuzi mmoja, au kununua kwa msambazaji mmoja, hakina budi kujua bei hiyo imepangwaje.

4. Kupaka rangi hakutibu hesabu

Kampuni hizi hazikukaa kimya. Zilijaribu kuyatengeneza maduka upya. Mwaka 2020 Rite Aid ilibadili nembo yake na kuonyesha mfano wa duka la kisasa, ambamo mfamasia aliwekwa mbele ya wateja ili awape ushauri. Ilikuwa fikra njema, lakini miaka mitatu baadaye kampuni ilikuwa mahakamani. Mwaka 2021 Walgreens ilitia dola bilioni 5.2 katika kampuni ya VillageMD, kwa shabaha ya kuweka zahanati kando ya maduka yake. Kufikia mwaka 2024 mpango huo ulikuwa umeleta hasara kubwa, na zahanati zipatazo 160 zilikuwa zikifungwa.

Matengenezo mengine yalikuwa ya kujilinda. Kwa kuhofia wizi, maduka mengi yaliweka sabuni na dawa za meno ndani ya makabati yenye kufuli, mteja akalazimika kumngoja mfanyakazi afungue. Lakini wafanyakazi nao walikuwa wachache. Septemba 2023 wafamasia wa CVS katika eneo la Kansas City waligoma kwa sababu ya uhaba wa watu kazini. Kabati lenye kufuli bila mtu wa kulifungua humfukuza mwizi pamoja na mnunuzi.

Matengenezo si mabaya. Duka chafu au lenye giza lastahili kutengenezwa. Kosa ni kutumia fedha ya mkopo kubadili sura ya duka kabla ya kujua kwa nini ziada haionekani.

5. Anayebaki na hasara

Mwaka 1890 George Bartell alinunua duka la dawa mjini Seattle. Ukoo wake uliliendesha na kulikuza kwa miaka 130, mpaka likawa na maduka 67. Mwishoni mwa mwaka 2020 maduka hayo yaliuzwa kwa Rite Aid kwa dola milioni 95. Haikutimia miaka mitano kabla Bartell haijatoweka: baadhi ya maduka yalifungwa, mengine yakachukuliwa na CVS. Deni ambalo watu wa Seattle hawakulikopa liliwafikia kwa njia ya mauzo.

Rite Aid ilipokuwa ikifungwa, kumbukumbu za dawa za wagonjwa ziliuzwa kwa maduka mengine, na CVS peke yake ilichukua za mamia ya maduka. Kumbukumbu zaweza kuhamishwa kwa siku moja. Mzee asiye na gari hahamishiki hivyo. Uchunguzi uliochapishwa Desemba 2024 katika jarida la Health Affairs ulionyesha kwamba karibu maduka matatu kati ya kila kumi ya dawa yaliyokuwa yakifanya kazi Marekani kati ya 2010 na 2020 yalikuwa yamefungwa kufikia 2021, na kwamba mitaa ya watu weusi na ya wenye asili ya Amerika ya Kusini ilikuwa katika hatari zaidi. Duka hufungwa kwanza pale ambapo watu hawana njia ya kufika duka la pili.

6. Je, ushirika u salama?

Mwanachama aweza kujibu kwamba hayo ni mambo ya makampuni, na ushirika ni kitu kingine. Ajibu hivyo baada ya kusikia habari za Uingereza, nchi ya waanzilishi wa Rochdale waliofungua duka lao Desemba 1844.

Co-operative Group, chama kikubwa cha walaji nchini humo, kilikuwa na maduka ya dawa 774. Maduka hayo yalikuwa mali ya wanachama. Mwaka 2009 benki ya chama iliungana na taasisi ya mikopo ya nyumba iitwayo Britannia, ambayo ilikuja na mikopo mibovu. Mwaka 2013 benki ilionekana kupungukiwa na mtaji wa pauni bilioni 1.5, na chama kizima kikatangaza hasara ya pauni bilioni 2.5 kwa mwaka huo. Ili kupunguza deni, mwaka 2014 chama kiliuza mashamba yake, na kikauza maduka yote ya dawa kwa kampuni ya Bestway kwa pauni milioni 620.

Wafamasia hawakuharibu benki, wala wagonjwa hawakutia saini mkopo wowote. Lakini mali iliyojengwa na wanachama kwa vizazi iliuzwa ili kuziba shimo lililochimbwa kwingine. Mwaka huo huo Lord Myners, aliyepewa kazi ya kuchunguza uongozi wa chama, alieleza kwamba utaratibu wa kuchagua bodi haukuleta watu wenye ujuzi wa kutosha kusimamia biashara kubwa kiasi kile.

Basi jina la ushirika peke yake halilindi duka. Linalolilinda ni wanachama wanaosoma hesabu na bodi inayoelewa inachokiidhinisha.

7. Njia ya kuungana bila kumezwa

Ziko nchi ambazo wenye maduka ya dawa wameungana kiushirika. Ujerumani kuna Noweda, iliyoanzishwa mwaka 1939, na Hispania kuna Cofares, iliyoanzishwa mwaka 1944. Vyama hivi ni vya wafamasia wenyewe. Kila mwanachama hubaki na duka lake na hesabu zake. Kinachofanywa kwa pamoja ni ununuzi wa jumla na usambazaji. Duka moja likishindwa, halivuti mengine yote kwa deni la pamoja. Hata hivyo yapasa kusema kweli: hata Ujerumani idadi ya maduka ya dawa imekuwa ikipungua, kwa kuwa ushirika hauwezi peke yake kurekebisha malipo yasiyotosha. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba uamuzi wa kufunga au kuendelea unafanywa na mtu anayeishi karibu na mlango.

Mambo ya kukagua katika chama

(a) Kila tawi liwe na hesabu zake, na mzigo utokao makao makuu uandikwe katika mstari wake peke yake.

(b) Mkopo mkubwa usichukuliwe kabla Mkutano Mkuu haujaelezwa kiasi, riba, muda na dhamana. Mali ya tawi isiwekwe dhamana ya kazi nyingine bila wanachama wa tawi hilo kujua.

(c) Bei ya kununulia na ya kuuzia kila bidhaa ilinganishwe mara kwa mara. Bidhaa inayouzwa kwa hasara ijulikane, na sababu yake iandikwe.

(d) Kabla ya matengenezo, bodi ijibu kwa maandishi: tatizo ni nini, na ukarabati huu utaliondoaje?

(e) Tawi likifikiriwa kufungwa, wanachama wanaolitumia waitwe kwanza, wasomewe hesabu na wapewe nafasi ya kutoa njia nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa na anayeuona.

Maswali ya mazungumzo

1. Duka au ghala la chama chenu lilipata ziada au hasara mwaka uliopita kabla ya kutozwa gharama za makao makuu? Na baada ya kutozwa?

2. Ni nani hupanga bei ya bidhaa inayouzwa zaidi na chama chenu? Mna njia gani ya kuijadili?

3. Maduka ya dawa ya Co-operative Group yaliuzwa kwa sababu ya hasara ya benki. Je, chama chenu kina mali iliyowekwa dhamana ya shughuli nyingine? Ni wanachama wangapi wanaojua hilo?

4. Tawi lenu likifungwa kesho, ni mwanachama gani atakayetembea mbali zaidi, na je, alihudhuria mkutano uliopita?